Treni za mitumba: tusiulize umri tu, tuulize na karakana

Najua nimekuwa kimya kidogo, si mnajua tena mambo ya kutafuta. Leo nimerudi na mada ambayo nimeibeba kichwani muda mrefu.

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa mdau mmoja wa Morogoro. Anasema walikuwa wanne mbele ya kompyuta moja wanabishana kuhusu treni. Mmoja kaleta habari ya zile treni za Hispania zilizopelekwa Nairobi mwaka 2020, mwingine kadakia kwamba Waafrika ndio tumefanywa jalala la dunia. Ubishi ukanoga mpaka dakika walizolipia zikaisha. Ndipo akaniandikia: "Kaka, wewe uko Marekani. Hivi kwa nini wenzetu wanapanda treni mpya, halafu sisi tunaletewa zilizochoka?"

Mdogo wangu, nimecheka kidogo. Sikukucheka wewe, nimecheka kwa sababu mimi naishi Philadelphia, mji mkubwa wa jimbo la Pennsylvania, na hapa treni ya kwenda na kurudi kazini unaweza kukuta imetengenezwa kabla baba yako hajamuoa mama yako. Tena mwaka 2025 mji huu nao umeingia sokoni kutafuta mabehewa yaliyotumika kwa watu wengine. Ndiyo, mitumba!

Kaa vizuri nikupe habari yote, halafu mwishoni tuirudishe nyumbani, maana inatuhusu sana.

MABEHEWA YENYEWE

Usafiri wa umma wa Philadelphia unaendeshwa na shirika linaloitwa SEPTA. Lina mabasi, treni za mjini za chini na juu ya ardhi, na treni za kuunganisha mji na vitongoji vyake. Hizi za vitongoji zina njia 13, na zote zinatumia umeme wa waya wa juu. Njia hizo SEPTA haikuzijenga. Ilirithi. Zamani zilikuwa mali ya kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, Pennsylvania Railroad na Reading, na kila moja ilikuwa na stesheni yake katikati ya mji. Abiria wa huku alikuwa hawezi kupitiliza kwenda kule. Mwaka 1984 ndipo lilipofunguliwa handaki la kuunganisha pande hizo mbili. Umeme wenyewe ni wa kizamani: njia ya Paoli iliwekewa nyaya mwaka 1915, na mpaka leo umeme wa reli hizi unapiga mizunguko 25 kwa sekunde wakati umeme wa majumbani Marekani unapiga 60. Kumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Sasa mabehewa. Yapo yanayoitwa Silverliner IV, yaliyotengenezwa na General Electric katikati ya miaka ya 1970, kati ya 1974 na 1976 hivi. Kila behewa lina mota zake za umeme chini ya sakafu, halihitaji kichwa cha treni cha kulivuta. Mengine yanaweza kutembea peke yake, mengine yamefungwa mawili mawili kama pacha. Bodi ni la chuma kisichoshika kutu, ndiyo maana ukiliona kwa mbali bado linang'aa. Mwaka 2025 yalikuwa yamebaki karibu 225, zaidi ya nusu ya mabehewa yote ya treni za vitongoji.

Fanya hesabu. Behewa la namna hii kwa kawaida hupangiwa kuishi miaka 30 hivi. Haya yamefika 50! Watangulizi wake, Silverliner II za mwaka 1963, zilistaafishwa mwaka 2012 zikiwa na miaka 49. Kwa hiyo hizi za sasa zimeshampita kaka yao kwa umri, na bado ziko kazini.

Kwa wale wa kwetu, kipimo rahisi ni TAZARA. Reli ya TAZARA ilimalizika kujengwa mwaka 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Yaani Silverliner IV na TAZARA ni rika moja. Wangekuwa watu, wangekuwa wamecheza chandimu pamoja.

MASHABIKI WA TRENI

Kabla ya kuendelea, lazima niwaeleze kitu kilichonishangaza nilipofika huku. Kuna watu ambao treni kwao ni kama Simba na Yanga kwetu. Sitanii. Unamkuta mtu mzima na akili zake kasimama mwisho wa jukwaa la stesheni, baridi inakata masikio, ana kamera shingoni na daftari mkononi. Haendi popote. Anasubiri treni ipite aipige picha na aandike namba za mabehewa. Ikishapita anasubiri nyingine.

Mmoja nilizoeana naye kwenye stesheni moja nje kidogo ya mji. Mzee mstaafu, mcheshi, sitamtaja jina. Anazijua treni kwa mlio. Anaweza kukaa ameipa mgongo reli, akasikia mvumo tu, akakwambia hiyo ni Silverliner IV, na kweli ikitokea ni hiyo. Ukimwuliza behewa fulani, atakwambia lilianza na kampuni gani ya zamani, lilibadilishwa viti lini, na liliwahi kuwa na rangi gani.

Wakikutana wenyewe kwa wenyewe ubishi wao unachekesha, ila ukisikiliza vizuri kuna shule ndani yake. Kuna kundi linasema vyuma vya zamani ndiyo vyuma, vya siku hizi ni plastiki na kompyuta tu. Kuna kundi linasema hayo ni mapenzi ya uzeeni, mabehewa yamechoka yapelekwe makumbusho. Siku moja nikamwuliza mzee yeye yuko upande gani. Akagonga bodi la behewa kwa kiganja, kama mtu anavyogonga tikiti maji sokoni, akasema: "Bodi hili litanizika mimi. Tatizo ni utumbo wake."

Utumbo. Nyaya, transfoma, vikinza umeme, mota, mabomba ya hewa ya breki. Neno hilo sijalisahau, na ndilo ufunguo wa makala hii.

KUNDI LA "VYUMA VYA ZAMANI" LINA HOJA

Tuanze na haki yao. Kati ya mwaka 2010 na 2013 SEPTA ilipokea mabehewa mapya 120 yaitwayo Silverliner V, kutoka kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Yaliunganishwa hapa hapa Philadelphia. Milango mipana, matangazo ya sauti, kila kitu safi. Watu wakasema sasa tumeingia karne ya 21.

Julai 2016, mabehewa yote 120 yakaondolewa barabarani kwa mkupuo. Yote! Nyufa zilikuwa zimeonekana kwenye mihimili ya chuma iliyoko kwenye bogi, ile inayogawa uzito wa behewa juu ya magurudumu. Ukiuacha mhimili kama huo ukakatika treni ikiwa kwenye kasi, unajua kinachofuata. Kwa miezi kadhaa abiria walibanana kama dagaa koponi. Na nani aliyebeba mji huo kwa miezi hiyo? Vizee, Silverliner IV, pamoja na vichwa na mabehewa yaliyoazimwa kwa jirani.

Haijaisha. Mwaka 2017 SEPTA ikaagiza mabehewa 45 ya ghorofa kutoka kampuni ya China, CRRC, iliyokuwa na kiwanda Massachusetts. Yalichelewa, yakachelewa tena, na mwaka 2024 shirika likavunja mkataba likiwa limeshalipa kiasi cha dola milioni 50. Hakuna hata behewa moja lililobeba abiria.

Kwa hiyo mdau, mtu anayekwambia "mpya ndiyo dawa" mwambie asome habari za Philadelphia. Upya wa kitu haukupi hakikisho la aliyekitengeneza wala la aliyeandika mkataba.

HALAFU UKAJA MWAKA 2025

Lakini na kundi la pili lina hoja, tena nzito, maana hii ni ya moto. Moto wenyewe.

Februari 6, 2025, treni ya Silverliner IV ikiwa njiani kwenda Wilmington iliwaka moto karibu na stesheni ya Ridley Park. Ndani kulikuwa na abiria karibu 350. Wakashushwa, behewa likateketea. Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu. Watu wakadhani ni bahati mbaya ya siku moja. Lakini wapi! Mpaka mwisho wa Septemba, moto ulikuwa umeshatokea mara tano kwenye mabehewa ya aina hiyo hiyo, mmojawapo huko Fort Washington.

Mara tano kwa miezi minane. Hapo hata shabiki wa kufa na kupona anakaa kimya.

Bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za usafiri, NTSB, ikatoka na tamko kali: mabehewa haya yasimamishwe mpaka chanzo cha moto kijulikane na kipatiwe dawa. Sasa sikilizeni bodi hiyo ilichosema, maana hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka. Haikusema tu kwamba mabehewa ni ya zamani. Ilitaja mambo mawili kwa pamoja: muundo uliopitwa na wakati, NA namna yanavyotunzwa na kuendeshwa, ikiwemo tabia ya kuliacha behewa liendelee na safari wakati hitilafu imeshaonekana.

Mnaona? Umri peke yake ungekuwa shauri la kalenda. Kuendelea na safari taa ya hatari ikiwa imewaka ni shauri la mtu aliyeamua.

Na ukitaka kujua kwa nini mtu anaamua hivyo, jiulize: akilitoa behewa hilo, analo la kuweka mahali pake? Kama zaidi ya nusu ya mabehewa yako ni ya aina moja, ukiyasimamisha umesimamisha mji. Ndivyo shirika lilivyojibu, kwamba haliwezi kuyaondoa yote kwa pamoja. Mamlaka ya reli ya serikali kuu, FRA, ikatoa amri ya dharura Oktoba 1: kila behewa likaguliwe ndani ya mwezi ule, na vifungwe vifaa vya kugundua joto kali. Kazi ikawa kubwa kuliko mwezi, muda ukaongezwa. Oktoba na Novemba zikawa miezi ya tabu kwa wasafiri: treni fupi, safari zilizofutwa, watu wanaachwa kwenye majukwaa treni imejaa. Mpaka Desemba mabehewa mengi yalikuwa yameshakaguliwa na kurudi kazini.

Baada ya moto wa tano nilimwuliza yule mzee kama bado anayapenda. Alinyamaza kidogo, akafuta kioo cha kamera. Akasema, "Mimi nayapiga picha. Mjukuu wangu anayapanda kila siku kwenda chuo."

Sikuwa na la kuongeza.

HELA ILIKWENDA WAPI?

Najua mdau utauliza: nchi tajiri kama Marekani inakosaje hela ya mabehewa? Swali zuri, na jibu lake litakukumbusha nyumbani.

Fedha za shirika kama hili ziko kwenye mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa kila siku: mishahara, umeme, mafuta, usafi. Mfuko wa pili ni wa mitaji: kununua mabehewa, kujenga stesheni, kubadili nyaya. Nauli peke yake haitoshi, kwa hiyo jimbo na serikali kuu wanachangia.

Mwaka 2025 mfuko wa kila siku ulikuwa na pengo la dola milioni 213. Wanasiasa wa jimbo, chama hiki na chama kile, wakavutana wee, bajeti haikupita. Agosti shirika likaanza kupunguza safari za mabasi na treni za mjini. Kelele zikawa nyingi, kesi mahakamani, na Septemba jimbo likaruhusu shirika litumie hadi dola milioni 394 za mfuko wa mitaji kuziba pengo la kila siku kwa miaka miwili.

Soma tena hiyo sentensi. Hela ya kununulia mabehewa mapya imeruhusiwa itumike kuendeshea mabehewa mabovu. Kwetu mkulima anayefanya hivyo tunamjua: ni yule aliyekula mbegu. Hatumlaumu sana, maana watoto walikuwa na njaa. Ila msimu wa kupanda ukifika hana cha kuweka shambani.

Novemba, baada ya habari za moto kuwa kubwa, gavana wa Pennsylvania, Josh Shapiro, akatangaza karibu dola milioni 220 za matengenezo ya dharura. Ni hela nzuri. Lakini angalia mpangilio: kwanza vitu viungue, ndipo hela ionekane. Ukidhani tabia hiyo ni ya Kiafrika, umekosea njia.

NA SASA MITUMBA

Ndipo Philadelphia ikaenda sokoni. Ikakodi mabehewa 10 kutoka MARC, treni za jimbo la Maryland, na ikaamua kununua mengine 24 yaliyotumika huko Montreal, Kanada. Mabehewa hayo ni ya kuvutwa, hayana mota. Na hili ndilo jambo la akili: behewa lisilo na mota ni kama trela, halijali umeme unapiga mizunguko 25 au 60. Kichwa cha treni ndicho kinachojali, na SEPTA ina vichwa 15 vya umeme vilivyoanza kazi mwaka 2018. Mtumba huo hauleti ugonjwa wa utumbo, maana utumbo wake ni mdogo.

Kwa hiyo kununua kilichotumika si aibu. Aibu ni kununua bila kujua unanunua nini na utakitunza vipi.

Turudi Nairobi sasa. Zile treni 11 za dizeli Kenya ilizinunua kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania, kwa kiasi cha shilingi za Kenya bilioni 1.15. Zilitengenezwa miaka ya 1990. Mallorca walikuwa wamegeuza reli zao kuwa za umeme, hawakuwa na kazi nazo tena. Magazeti yalichachamaa: mitumba, mitumba! Na kuhusu bei, wananchi walikuwa na haki ya kuhoji mpaka mwisho.

Lakini kuna jambo moja ambalo kwenye ule ubishi halikusemwa vya kutosha. Reli ya zamani ya Kenya, ile ya Mwingereza, upana wake ni mita moja. Ya Mallorca nayo ni mita moja. Duniani mahali pa kupata treni ya abiria ya mita moja si pengi, na kuagiza mpya ni gharama na miaka ya kungoja. Kiufundi lile vazi lilikuwa la saizi yake. Swali ambalo lilipaswa kupigiwa kelele ni lile la mzee wangu: utumbo. Spea zitatoka wapi wakati Mallorca wenyewe wameachana nazo? Fundi yupi amefundishwa, na wangapi? Ikizimika moja kati ya 11, kuna ya akiba? Hayo ndiyo yanayoamua kama abiria wa Embakasi au Ruiru atafika kazini, siyo ile namba ya mwaka iliyochongwa kwenye kibao cha kiwandani.

BONGO NASI TUJITAZAME

Dar es Salaam tuna historia yetu. Oktoba 2012 ilianza ile treni ambayo mpaka leo watu wanaiita Treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe. Moja ilitoka stesheni ya kati kwenda Ubungo Maziwa kwenye reli ya kati, nyingine ikapita reli ya TAZARA mpaka Mwakanga. Mabehewa hayakuwa mapya, yalikuwa yale yale yaliyokuwepo, yakafanyiwa ukarabati. Na watu walifurahi jamani! Aliyezoea kuning'inia kwenye mlango wa daladala kwenye foleni ya Barabara ya Mandela alipata njia ambayo haina foleni. Behewa kuukuu lililokarabatiwa lilifanya kazi ambayo semina elfu moja za kupunguza msongamano hazikuifanya.

TAZARA je, rika la Silverliner? Ile ilijengwa imara, madaraja na mahandaki yake mpaka leo ni ya kujivunia. Iliyoishusha ni vichwa vya treni vilivyopungua mwaka hadi mwaka, spea, karakana, na deni juu ya deni. Bodi zima, utumbo mgonjwa. Septemba 2025 ukasainiwa mkataba na Wachina wa dola bilioni 1.4 wa kuifufua na kuiendesha. Tunaomba heri.

Na sasa tunayo SGR. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro, na kabla ya Agosti ikafika Dodoma. Mdau wangu wa Morogoro, wewe unaiona ikipita, mimi naiona kwenye video tu, na ninaona fahari. Inang'aa.

Lakini ngoja nikwambie. Mwaka 1974 Silverliner IV nayo ilikuwa inang'aa. Watu walivaa vizuri kuipanda, picha zipo, yule mzee amenionyesha. Hakuna aliyesimama siku ile jukwaani akasema: jamani, tuweke pembeni kiasi fulani kila mwaka, ili ikifika 2004 tuwe na hela ya kununua nyingine. Au labda alikuwepo, ila hakusikilizwa. Miaka 30 ikapita, ikaja 40, ikaja 50, na moto.

Ukijumlisha miaka 50 kwenye 2024 unapata 2074. Wewe unayesoma hapa una miaka 20, utakuwa unakaribia 70. Treni hiyo atakayepanda ni mjukuu wako.

MASWALI MATATU YA KUULIZA

Kwa hiyo nimejaribu kukusanya niliyojifunza kwa mashabiki wa hapa, niyafanye maswali matatu. Siku mwanasiasa akija na treni, iwe mpya ya kumeremeta au mtumba wa Ulaya, usiulize tu "ya mwaka gani?" Uliza na haya.

La kwanza: nani ana mamlaka ya kusema hili behewa leo halitoki? Fundi akiona hitilafu saa kumi alfajiri, anaweza kulizuia bila kuogopa bosi na bila kuogopa simu ya mkubwa? Philadelphia mafundi hawakukosa ujuzi. Kilichokosekana ni nafasi ya kulitoa behewa na kuweka jingine.

La pili: spea na karakana ziko wapi? Sherehe ya kuzindua treni huwa na ngoma na fulana. Sijawahi kusikia ngoma ikipigwa kwa ajili ya kuzindua stoo ya vipuri. Lakini treni inaishi stoo. Mkataba wa kununua ambao hauna mafunzo ya mafundi na vipuri vya miaka kadhaa ni nusu ya mkataba.

La tatu: mfuko wa kununua zijazo upo, na nani anaruhusiwa kuugusa? Hapa ndipo Marekani yenyewe imeteleza. Mfuko ukiwepo bila kufuli, siku ya shida utaliwa, na siku za shida hazijawahi kuisha.

Wapo watakaosema maswali haya ni ya wataalamu, sisi vijana yanatuhusu nini. Nami nasema yanatuhusu kuliko mtu yeyote. Mwenye gari lake akiona treni mbovu atawasha gari. Anayesimama jukwaani saa kumi na moja alfajiri na nauli yake kamili mkononi ni wewe. Ukibanwa ndani ya behewa linalofuka moshi, kibao cha "limetengenezwa mwaka fulani" hakitakusaidia. Kitakachokusaidia ni mlango unaofunguka, mtungi wa kuzimia moto uliojazwa, na kondakta aliyefundishwa namna ya kukutoa.

Na mashabiki tuwape heshima yao. Mwanzoni niliwaona kama watu wasio na kazi. Sasa naona wana faida kubwa. Mtu anayeandika namba za mabehewa kila siku ndiye wa kwanza kujua behewa fulani halijaonekana miezi mitatu, au treni iliyokuwa na mabehewa sita sasa ina manne. Shirika likitoa taarifa tamu, yeye ana daftari. Kwetu tunapenda treni pia, ila tunaipenda siku ya uzinduzi. Tukipata vijana watatu tu Dar, wawili Moro, mmoja Tabora, mmoja Kigoma, wenye kuandika treni imetoka saa ngapi, imefika saa ngapi, ina mabehewa mangapi, baada ya mwaka mmoja tutakuwa na kitu ambacho waziri hawezi kukipuuza.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Morogoro, jibu lako ndilo hilo. Wenzetu nao wanapanda zilizochoka. Tofauti ni kwamba zikiwaka moto, kuna bodi ya uchunguzi inayotaja kosa la shirika hadharani, mwananchi akasoma bure. Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kuleta Bongo kutoka huku, nitaacha mabehewa yote, mapya na ya mitumba, nibebe hicho.

Sasa zamu yenu. Wewe uliyewahi kupanda Treni ya Mwakyembe, au ya Ruiru, au ya kwenda Kigoma: milango ilikuwa inafunga? Mtungi wa kuzimia moto uliuona? Ulikuwa wapi? Andika hapo chini, na kama unakumbuka namba ya behewa, weka.

Nawakilisha.